GARI LA CHAMA NI CHONGO, NA TUNAJIFANYA HATUONI



Kioo cha taa ya mbele ya kulia ya Land Rover letu kimepasuka tangu msimu wa kahawa uliopita. Jiwe lilirushwa na tairi la lori kwenye barabara kuu ya Rusumo, likapiga taa. Kosa la dereva halikuwapo. Lakini tangu siku ile mpaka leo dawa iliyopatikana ni moja tu: kipande cha mfuko wa plastiki na solotepu. Hata huo mfuko wenyewe umepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Sijui Kamati imeutoa wapi.

Naandika hapa ukutani kwa sababu mkutanini jambo hili limekuwa likiahirishwa. Kila likitajwa linasukumwa kwenye "mengineyo", na mengineyo hayafikiwi kwa sababu watu wanakuwa wamechoka, wanataka kwenda nyumbani. Basi leo mengineyo yawe ya kwanza.

Jamani, tusemezane ukweli. Hili gari ndilo linalobeba kahawa na maharage yetu. Ndilo linaloamshwa saa nane usiku mama anaposhikwa na uchungu. Ndilo linaloondoka alfajiri na mapema, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, wakati watoto wako njiani kwenda shule na kina mama wako njiani na ndoo. Gari hilo ndilo tumeliacha na jicho moja.

SABABU ZINAZOTOLEWA

Nimezisikia sababu zote. Nazijibu moja moja, na asiyeridhika aandike jibu lake. Ubao huu ni wa wote.

Sababu ya kwanza: "Dereva anaijua barabara." Ni kweli, barabara anaijua. Kila shimo analijua kwa jina. Lakini ng'ombe aliyekata kamba usiku huu hamjui. Mlevi aliyelala kando ya tuta hamjui. Mtoto anayevuka hamjui. Barabara haibadiliki sana, ila vilivyomo barabarani vinabadilika kila dakika. Kazi ya taa ni hivyo visivyojulikana.

Tufanye hesabu, kwa maana hesabu haina upendeleo. Gari likienda kilomita 60 kwa saa linakata karibu mita 17 kila sekunde. Mpaka dereva aone, atambue, na mguu ufike kwenye breki, sekunde moja na nusu imepita, yaani mita 25. Hapo gari bado halijaanza kupunguza mwendo. Kwenye barabara ya changarawe likahitaji mita nyingine 28 hivi kusimama. Jumla ni mita 53. Sasa taa ya dim iliyo nzima inamuonyesha mtu aliyevaa nguo nyeusi kiasi cha mita 40 au 50 tu. Kwa hiyo hata mwenye taa mbili nzima anatakiwa apunguze mwendo. Sisi wenye moja na nusu tunategemea nini? Tunategemea kwamba hakuna mtu njiani.

Sababu ya pili: "Taa moja inatosha, si inamulika?" Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, na watu wengi hawaioni. Taa haiko pale ili sisi tuone tu. Iko pale ili na sisi tuonekane. Sisi Tanzania tunaendesha kushoto. Taa yetu ya kulia ndiyo iliyo upande wa katikati ya barabara. Ikizimika au ikififia, inabaki ile ya kushoto, ya ukingoni. Dereva wa lori anayekuja mbele anaona taa moja pembeni. Anajiambia, hii ni bodaboda. Analipa nafasi ya bodaboda. Kumbe kando ya ile taa liko gari zima katika giza, na ndani yake wamo watu kumi na magunia.

Hili si la kubuni. Waliorudi na gari kutoka hospitali mwezi uliopita wanajua kilichotokea kwenye kona. Lori lilikuja likiwa limechukua katikati. Dereva wetu akaingia mtaroni, na gari likakwaruza ubavu. Walishuka salama, wakashukuru Mungu, wakalisukuma gari likatoka. Dereva wa lori alisimama akasema maneno ambayo kila aliyekuwapo aliyasikia: alidhani ni pikipiki. Kesho yake dereva wetu akaandika katika kitabu cha safari, na hiyo ni mara ya tatu kuandika. Kitabu kimejaa, taa haijanunuliwa.

Sababu ya tatu: "Ile plastiki inazuia maji, basi yatosha." Haizuii. Kila mvua inaponyesha ukiinama utaona matone ndani ya taa. Na maji ndani ya taa ni adui wa aina mbili. Kwanza, balbu ya halojeni ikiwaka kioo chake kinapata moto wa mamia ya digrii. Tone moja la maji baridi likiigusa, inapasuka. Ndiyo maana balbu ya upande ule inanunuliwa kila mara, na hizo pesa hakuna anayezihesabu. Pili, nyuma ya balbu kuna ile sahani inayong'aa kama kioo cha kujitazamia. Kung'aa kwake ni utando mwembamba sana wa alumini. Maji na vumbi vikiingia, utando unakuwa na madoa, unababuka, na chini yake bati linashika kutu. Sahani ikishakuwa nyeusi, hata uweke balbu mpya kila siku, mwanga hauendi mbele. Na msiisugue kwa kitambaa mkidhani mnaisafisha, mtaondoa ule utando wote.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliuona, tukaubandika solotepu, na sasa ukuta umeshaanguka. Siku ya kwanza ulikuwa ufa mdogo. Mtu angeziba kwa silikoni isiyo na rangi siku ileile, maji yasingeingia, tungevuta wiki mbili tatu mpaka taa inunuliwe. Sasa hakuna cha kuziba. Taa ile lazima itolewe yote.

Sababu ya nne: "Fedha hakuna." Ndugu zangu, hapa nitasema kwa sauti kubwa. Land Rover hili lina taa ya duara ya inchi saba. Ni taa iliyofungwa kwenye magari ya aina nyingi kwa miaka mingi, na maduka ya spea mjini wanayo. Kioo na sahani vinauzwa pamoja kama taa moja. Bei yake haifiki bei ya tairi moja la gari hilohilo. Kufunga ni skrubu chache na plagi moja ya nyaya, fundi hamalizi hata saa. Chama kinachokusanya kahawa ya kijiji kizima hakiwezi kusema hakina fedha za taa moja. Kinachokosekana ni mtu wa kuona uchungu.

Sababu ya tano, na hii inanikera kuliko zote: "Ajali haina kinga." Methali hii imekuwa blanketi la wazembe. Ajali isiyo na kinga ni ile ambayo umefanya kila linalokupasa na bado ikakupata. Taa iliyopasuka miezi mingi kinga yake inajulikana, inauzwa dukani, ina bei. Tukimgonga mtoto wa mtu kesho, tutakwenda msibani kumwambia baba yake kwamba ajali haina kinga? Mungu tusimsingizie. Hakuandika yeye kwenye daftari kwamba ununuzi wa taa uahirishwe.

DAWA ZA UONGO

Kuna mabingwa wa njia za mkato. Nawaonya wanachama.

Mmoja amesema ataleta taa ya bei nafuu kutoka ng'ambo ya mto, Rwanda. Mimi sina ugomvi na majirani, tunauziana ndizi na maharage. Lakini Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia. Taa iliyotengenezwa kwa magari ya huko haifai hapa. Mwanga wa dim haukutengenezwa sawasawa pande zote. Unapanda juu kidogo upande wa ukingo wa barabara, ili waenda kwa miguu waonekane, na unabaki chini upande wa katikati, ili usimpofushe anayekuja. Taa ya huko inapanda kulia. Ukiifunga hapa, inapanda moja kwa moja machoni mwa dereva wa lori, na ukingo wetu wa kushoto wenye watembea kwa miguu unabaki gizani. Tutakuwa tumetoka kwenye chongo tukaingia kwenye upofu wa wote wawili.

Namna ya kuitambua si ngumu. Taa zenye alama ya Ulaya, ile herufi E ndani ya duara, zina siri yake kwenye kioo. Ya nchi za kuendesha kushoto ina mshale. Ukisimama mbele ya gari ukiitazama taa, mshale unaelekea kulia kwako. Ya nchi za kuendesha kulia haina mshale. Na hata kama alama imefutika, washa dim mbele ya ukuta usiku, ukae kwenye kiti cha dereva. Mwanga lazima upande upande wa kushoto. Ukipanda kulia, irudishe.

Mwingine amesema tuweke balbu nyeupe kali za siku hizi, za LED, "zitafidia". Taa ya zamani ilipimwa kwa ajili ya uzi mdogo wa balbu ya halojeni uliokaa mahali pake kamili. Ukiweka kitu kingine mle ndani mwanga unatawanyika ovyo. Wewe unaona kweupe karibu na gari, unafurahi, kumbe anayekuja mbele haoni kitu. Na wa tatu anasema tuweke balbu ya wati 100. Balbu ya kawaida ya taa ile ni wati 60 kwa ful na 55 kwa dim. Nyaya na swichi za gari kuukuu zilitegemea hiyo. Ukizidisha, plagi inayeyuka, na tutakuwa na gari lililoungua badala ya gari chongo.

NA LILE CANTER JE?

Wengine wanasema Canter liko salama kwa sababu taa zake hazijapasuka. Nendeni mkalitazame mchana. Taa zote mbili zimekuwa njano kama meno ya mvuta tumbaku, na ukungu juu. Usiku linamulika kama kibatari.

Sababu yake ni hii. Zamani taa za magari zilikuwa za kioo. Huko Marekani mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 sheria ilitaka taa iliyozibwa kiwandani, ikiungua unatupa yote. Mwaka 1983 sheria ikalegezwa, taa za balbu ya kubadilisha zikaruhusiwa, na plastiki ngumu iitwayo polikaboneti ikaingia kwa wingi. Plastiki hiyo ni nyepesi na haipasuki ovyo kwa kokoto. Ila jua ni adui yake. Kiwandani hupakwa utando wa kuikinga na jua. Utando ukiisha kwa jua, vumbi na kusuguliwa na matambara makavu, plastiki inageuka njano.

Hapa hatuhitaji kununua taa mpya. Hapa panahitajika mikono. Funika rangi ya gari pembeni mwa taa kwa solotepu ya karatasi. Osha taa kwa maji na sabuni. Sugua kwa msasa wa maji, ukianza namba 800 au 1000, kisha 2000, kisha 3000, taa ikiwa imelowa wakati wote. Mwanzo itakuwa nyeupe kama maziwa, msiogope. Malizia kwa dawa ile ya mafundi wa rangi ya kung'arishia bodi. Kisha, na hili ndilo watu wanaloliacha, paka klia ya kukinga jua. Bila hiyo, baada ya miezi michache unjano unarudi, tena haraka kuliko mwanzo, kwa sababu umeondoa utando wote.

Kwa hiyo wale wanaosema dawa ya meno inatosha, wanasema nusu. Dawa ya meno ina ungaunga unaosugua, inang'arisha kweli kwa muda. Lakini haiachi kinga yoyote. Ni kama kumpaka mtoto mafuta badala ya kumpa chakula. Na ifahamike: ufa hauondoki kwa msasa, na ukungu ulio upande wa ndani hauondoki kwa kusugua nje. Kazi hii ni ya plastiki tu. Taa ya kioo ya Land Rover usiipeleke kwenye msasa, utaiharibu bure.

Vijana wetu watano wanaweza kuimaliza kazi ya Canter asubuhi moja. Wapo wanaokaa kijiweni tangu asubuhi wakijadili mpira. Waiteni. Wasipoitwa, kosa si lao.

KIINI CHA UGONJWA

Taa ni dalili. Ugonjwa wenyewe ni huu: mali ya wote tumeifanya yatima.

Mtazameni kijana wa bodaboda hapo kijiweni. Taa yake ikipasuka asubuhi, jioni imeshafungwa nyingine. Hakuita kikao. Hakuandika muhtasari. Anajua bila taa hakuna ugali. Pikipiki moja ya mtu mmoja inatunzwa, na gari la wanachama wote linaoza. Je, huu ndio ushirika? Wazee wetu walipobeba magunia kichwani mpaka mnadani ndipo wakaona bora kuungana, ili kilicho kizito kwa mmoja kiwe chepesi kwa wengi. Sisi tumeugeuza: kilicho chepesi kwa mmoja kimekuwa kizito kwa wengi. Katibu anasema ni la Mwenyekiti. Mwenyekiti anasema ni la Mhasibu. Mhasibu anasema hajaletewa karatasi. Dereva anasema ameandika. Na wanachama wengine wanasema "si gari langu", halafu usiku mke akiugua wanakimbilia gari hilohilo.

Simtukani mtu. Viongozi wetu nawaheshimu, wengi ni watu wazima walionizidi umri. Lakini heshima si kunyamaza. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikusema gari la ushirika lisamehewe. Gari bovu haliruhusiwi barabarani, liwe la tajiri au la chama. Na kampuni za bima huwa na sharti kwamba gari liwe zima. Likitokea la kutokea, bima ikakataa, fidia italipwa na nini? Italipwa na kahawa yetu. Hapo ndipo mtajua kwamba lilikuwa gari lenu.

TUFANYE NINI

Napendekeza mambo haya yaamuliwe mkutano ujao, na yawe ya kwanza kwenye ajenda:

1. Taa ya kulia ya Land Rover inunuliwe nzima, ya kuendesha kushoto, ya kioo. Fundi akagua na ya kushoto. Kama sahani yake imeanza madoa, zinunuliwe mbili, ili mwanga ulingane.

2. Mpaka ifungwe, Land Rover lisitembee baada ya saa kumi na mbili jioni wala kabla ya jua kuchomoza. Mgonjwa wa usiku apelekwe na Canter, baada ya taa zake kusafishwa. Kwa hiyo Canter lianze wiki hii hii, wala lisingoje mkutano.

3. Balbu zinunuliwe za volti inayolingana na gari. Land Rover ni volti 12, Canter nyingi ni 24. Msome kwenye betri kwanza. Fundi asiishike balbu ya halojeni kwa vidole kwenye kioo, maana mafuta ya mkono yanaifanya iungue mapema. Ashike kwa kitambaa safi.

4. Baada ya kufunga, taa zipimwe kwenye ukuta wa ghala. Gari lisimame mahali pa tambarare, mita 10 kutoka ukutani, likiwa na mzigo wake wa kawaida, kwa sababu gari likijaa nyuma pua inainuka na taa zinatazama mbinguni. Kwa dim, mpaka wa juu wa mwanga uwe chini ya kimo cha taa yenyewe kwa sentimita 10 hivi.

5. Yafungwe mawavu ya waya mbele ya taa za Land Rover kuzuia mawe. Fundi wetu wa kuchomelea anaweza. Yawe ya kufungua, ili kioo kifutwe vumbi kila asubuhi.

6. Dereva apewe ruhusa ya kununua vitu vidogo vya usalama, taa, balbu na breki, kwa risiti, bila kungoja kikao. Na akisema gari halifai usiku, neno lake liwe la mwisho. Asilazimishwe na mtu yeyote, hata awe nani.

Hayo ndiyo maneno yangu. Aliye na jibu aandike chini, karatasi ipo, kalamu imefungwa kwa kamba. Lakini asiandike habari ya kuahirisha. Usiku hauahirishwi. Unakuja kila siku saa moja, na gari letu linaingia humo na jicho moja.

Ushirika ni kuona pamoja.

Mwanachama mwenzenu.